Nani Ameweka Lile Jiwe? Gemu ya dakika tano na watu watatu walioicheza jioni moja

"Nani ameweka hilo jiwe?"

Shangazi aliuliza hivyo huku anafuta miwani kwa ncha ya kanga, macho hayabanduki kwenye kioo cha laptopu. Muda huo huo mwanamke wa pikseli chache alikuwa ametoweka, na pale alipokuwa amesimama pamebaki kijiwe cha kaburi. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa anacheza, alimjibu haraka haraka kwamba hakuna aliyeliweka, ni gemu yenyewe. Shangazi akatikisa kichwa. "Kaburi halijiwekei jiwe," alisema.

Gemu hiyo, inayoitwa Passage, naijua kwa miaka mingi. Nimeicheza mpaka sina tena hesabu, nimesoma waliyoyaandika wasomi na waundaji wa gemu juu yake, na nimebishana na marafiki kuihusu hadi usiku wa manane. Swali la Shangazi sikuwa nimelisikia popote. Ndiyo sababu nataka kuieleza jioni ile tangu mwanzo, kwa sababu ndani ya jioni moja watu watatu waliicheza gemu ile ile, kwenye mashine ile ile, wakatoka na mambo matatu yasiyofanana, na mimi nikalazimika kuyatupa baadhi ya mawazo niliyokuwa nimeyashikilia.

Ilikuwa Tanga, nyumbani kwa Shangazi. Alikuwa ametoka eda wiki chache tu nyuma, baada ya miezi minne na siku kumi tangu amzike mumewe, na sisi watoto wa kaka yake tulikuwa tunapokezana kwenda kukaa naye ili nyumba isiwe kimya mno. Mdogo wangu alitaka gemu. Yeye ni mtu wa gemu za mpira, na simu yake ilikuwa imeisha chaji. Laptopu yangu ni ya zamani, haibebi gemu nzito, ila Passage inafunguka bila shida yoyote. Nikamfungulia. Nilipokumbuka kwamba ndani yake mwenzi hufa, alikuwa ameshaanza, na Shangazi alikuwa ameshasogeza kiti karibu.

Passage ilitengenezwa na Mmarekani Jason Rohrer mwaka 2007, kwa ajili ya onyesho lililoitwa Gamma 256, lililoandaliwa na kundi la Kokoromi mjini Montreal, Kanada. Sharti la onyesho lilikuwa kwamba picha ya gemu isizidi pikseli 256 kwa 256. Rohrer alikwenda chini zaidi ya hapo. Gemu yake ina upana wa pikseli 100 na kimo cha pikseli 16 tu. Ukiifungua unaona utepe mwembamba, kama pindo la kanga lililokatwa likatandazwa katikati ya kioo. Pikseli zote ukizizidisha ni 1,600. Uso wa mtu humo ndani ni nukta kadhaa za rangi. Huwezi kumwona akicheka wala akilia.

Kijana anasimama upande wa kushoto wa utepe. Unamwendesha kwa vitufe vya mishale. Hatua chache kutoka hapo yuko mwanamke. Ukimgusa, moyo unatokea, na kuanzia hapo mnatembea pamoja, bega kwa bega, hadi kufa. Usipomgusa unaendelea peke yako. Upande wa mashariki ardhi haina mwisho, inabadilika rangi tu kila unapokwenda. Upande wa kusini kuna mzingile, vichochoro vya kupotea vinavyozidi kubana kadiri unavyoshuka, na humo mmetawanywa masanduku. Mengi ni matupu, mengine yana nyota inayokuongezea alama. Vito vya rangi vilivyo juu ya kila sanduku vinadokeza lipi lina kitu na lipi halina, ukiwa na subira ya kujifunza kuvisoma. Kutembea kuelekea mashariki nako kunakupa alama, na ukiwa na mke unapata zaidi.

Na muda unakwenda. Ndani ya dakika tano yule kijana anasogea taratibu kutoka ukingo wa kushoto wa utepe hadi wa kulia, hata kama hujabonyeza kitu. Mwanzoni mbele yako pana nafasi kubwa, na kule mwisho mambo yamebanana hayaonekani vizuri, kama ujana unavyoyaona yajayo. Ukizeeka, nafasi kubwa iko nyuma yako na mbele pamebaki padogo. Nywele zinapungua, mgongo unapinda. Mke hufa kwanza. Kisha wewe. Jiwe jingine la kaburi, alama zako ziko pale juu zimesimama, halafu jina la gemu linarudi kwenye kioo. Hakuna nafasi ya pili ndani ya maisha hayo, wala hakuna hatua ya juu zaidi ya kufikia.

Sasa turudi kwa waliocheza.

Mdogo wangu, mara ya kwanza, alimpita yule mwanamke kama anavyompita mchezaji wa akiba aliyekaa kwenye benchi. Alishuka moja kwa moja kusini. Ndani ya dakika moja alikuwa amegundua siri ya vito, jambo ambalo mimi nilichukua siku kadhaa kuligundua, na akawa anafungua masanduku huku anahesabu kwa sauti. Alipokufa alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Ndiyo imeisha? Hakuna leveli ya pili?" Nikamwambia hakuna. Akaona ameonewa. Kwake, gemu iliyokuwa inakwenda vizuri ilikuwa imekatwa katikati bila kosa lake.

Mara ya pili akamchukua mke, kwa sababu Shangazi alimwambia, "Mbona unampita mwenzio bila hata salamu?" Akashuka naye kusini na hapo ndipo kero ilipoanza. Mtu mmoja anapenya kwenye uchochoro, wawili hawapenyi. Alifika mahali sanduku liko ubavuni kabisa, vito vyake vinaonyesha lina nyota, na kilichomzuia kulifikia ni mkewe tu. Akageuka kushoto, akageuka kulia, wapi. "Unaona?" aliniambia. "Huyu aliyetengeneza anasema ukioa umejifunga." Alicheka, ila Shangazi hakucheka, naye akaona aibu akanyamaza.

Baadaye kidogo mke akafa, Shangazi akauliza lile swali la jiwe, na mdogo wangu akajaribu kuendelea na safari. Yule mzee wa kwenye utepe akawa anajikokota. Mdogo wangu akabonyeza kitufe kwa nguvu zaidi, akakishikilia, akakigonga gonga. "Laptopu yako imeanza kukwama," alisema.

"Haijakwama," Shangazi akasema. "Amefiwa."

Kwangu mimi hapo ndipo kisa kizima kilipo, na nitakaa hapo kwa muda. Rohrer alipanga kwamba mwenzi akifa, aliyebaki apunguze mwendo kwa majonzi. Aliliandika hilo yeye mwenyewe kwenye maelezo aliyoyaambatanisha na gemu. Kwenye kioo hakuna maandishi yanayokwambia hivyo. Hakuna muziki wa kilio unaoanza, hakuna chozi. Kuna mwendo uliopungua, basi. Mdogo wangu, ambaye tangu utotoni anacheza gemu kwenye simu na mashine zinazokwama, anajua mwendo ukipungua maana yake ni nini: mashine imezidiwa. Anaisoma mashine. Shangazi hana mazoea hayo hata kidogo. Miezi mitano kabla ya jioni ile yeye mwenyewe alikuwa anatoka chumbani hadi uani kwa mwendo ule ule, na sisi tulimwona. Alimsoma mtu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mabishano kuhusu gemu za namna hii, zilizovuliwa karibu kila kitu, huwa hayaishi. Jibu la kawaida ni kwamba kila mtu ana hisia zake. Ni jibu jepesi mno. Jioni ile niliona kitu mahususi zaidi: tofauti ilianzia kwenye kuamua kipi ni ishara na kipi ni hitilafu. Kabla hujauliza mwendo wa pole unamaanisha nini, lazima kwanza ukubali kwamba umewekwa makusudi uone. Gemu yenye picha za kifahari inakufanyia uamuzi huo, inakuwekea mvua, fidla na uso uliokunjamana. Gemu ya pikseli 16 haikufanyii. Mazoea uliyokuja nayo ndiyo yanayoamua, na mchezaji mzoefu si lazima awe msomaji bora. Katika jambo hili uzoefu wa mdogo wangu ulimziba macho.

Nisimwonee, kwa sababu uzoefu ule ule ulimpa vito. Shangazi hakuyaona masanduku kabisa, hata alipocheza yeye. Kwake yalikuwa sehemu ya udongo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaobishana husahau, nami nimelisahau mara nyingi. Wanazungumza kana kwamba wote wamesoma ukurasa mmoja. Kumbe hapana. Aliyempita mwanamke bila kumgusa hajawahi kuona kaburi la mwenzi; kwake hiyo ni gemu ya mtu mmoja anayetafuta mali mpaka muda unamwishia. Aliyekwenda mashariki moja kwa moja hajui kama kuna mzingile. Wanaposema gemu inahusu hiki au kile, kila mmoja anaeleza maisha aliyoyaishi mle ndani, na maisha hayo yalikuwa tofauti kwa vitendo kabla hayajawa tofauti kwa maana.

Mzee wa jirani, anayekuja kila jioni kusikiliza taarifa ya habari na kunywa chai ya tangawizi, alinionyesha hilo kwa namna ambayo sikuitarajia. Mdogo wangu alimpa laptopu baada ya kufa mara ya pili. Mzee akamgusa mwanamke, moyo ukatokea, akafurahi. Kisha akaondoa mkono kwenye vitufe, akachukua kikombe chake. Tukadhani hajui aendelee vipi. Mdogo wangu akamwelekeza, "Babu, bonyeza huu mshale." Mzee akasema anauona. Akaendelea kunywa chai. Wale wawili wakasimama pale pale walipokutana, wakazeeka, nywele zikapungua, utepe ukiwapitisha taratibu kuelekea kulia bila wao kupiga hatua. Mwanamke akafa. Mwanamume akafuata. "Wamekaa vizuri," mzee alisema, akarudisha laptopu.

Niliyekuwa namwona kama mtu asiyecheza alikuwa amecheza. Kukaa palipo na mwenzio ni njia mojawapo iliyomo ndani ya kanuni za gemu, na gemu haikumwadhibu kwa hilo ila kwa alama, ambazo hakuzitazama.

Rohrer anayafungua maelezo yake kwa kuwaomba watu wacheze kwanza ndipo wasome, na anasema tafsiri ya mchezaji ina uzito kuliko nia yake yeye. Nampenda kwa hilo. Kisha, hata hivyo, anaeleza nia yake kwa kirefu: kwamba gemu ni ya kumkumbusha mtu kifo, kwamba anakaribia kutimiza miaka 30, kwamba rafiki wa jirani alifariki mwezi uliopita, kwamba sura za wale wawili ni yake na ya mkewe. Anaeleza pia kwamba kwenye gemu nyingine unakufa mara nyingi na mwishoni unatoka hai na mshindi, ilhali kwenye hii unakufa mara moja tu, mwishoni, na huna la kufanya. Ni maneno mazuri na ya kweli. Lakini nimeona yanavyofanya kazi: wengi waliokuja kwenye gemu hii baada ya kuyasoma wanaona kifo na kupita kwa umri, na wakisimulia wanasimulia kwa mpangilio wa maelezo yale. Watatu wa Tanga hawakuwa wameyasoma. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaja kupita kwa umri. Kwao hiyo haikuwa habari.

Wasomi waligombana juu ya jambo hili hili. Mwaka 2009 Ian Bogost aliiweka Passage kwenye kundi moja na The Marriage ya Rod Humble na Braid ya Jonathan Blow, akisema hizi ni gemu ambazo maana yake inabebwa na kanuni zenyewe, namna mambo yanavyofanya kazi, kuliko picha au hadithi. Mwaka 2011 Miguel Sicart akaandika kupinga mwelekeo huo. Hoja yake ni kwamba ukisema maana imeshakamilika ndani ya kanuni, umemfanya mchezaji kuwa mtu wa kukamilisha kazi ya mwingine, na umesahau kwamba kucheza ni kitendo cha mtu mzima mwenye mambo yake. Kabla ya jioni ile nilikuwa upande wa Bogost. Sasa najiona karibu zaidi na Sicart, ila siwezi kuhamia kwake na mizigo yote, kwa sababu ya ile kauli ya mdogo wangu kwamba ukioa umejifunga.

Kauli ile ilikuwa na makosa, na makosa yake yanaonekana. Ni kweli kwamba mke anazuia baadhi ya masanduku. Lakini kila hatua anayoipiga mtu na mkewe kuelekea mashariki inampa alama nyingi kuliko akiwa peke yake. Mdogo wangu hakuliona hilo kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye masanduku tangu mwanzo, na mara zote mbili alitumia maisha yake kusini. Nilipomwonyesha, alikubali bila ubishi; akasema basi inategemea unataka nini. Kwa hiyo tafsiri inaweza kukosea hata kwenye gemu iliyokonda namna hii. Unaweza kuleta huzuni yako, ndoa yako, umri wako, lakini unachokileta lazima kishike mahali fulani kwenye namna gemu inavyofanya kazi. Maneno ya Shangazi yalishika kwenye mwendo. Ya mzee yalishika kwenye ule utepe unaosogea bila hatua.

Nikitafuta mfano wa nyumbani naona jina la kanga. Maneno matatu au manne yamechapwa pale chini ya mji wa kanga, basi. "Usisafirie nyota ya mwenzio." Aliyeivaa akipita mbele ya wifi yake yanasema jambo moja, mama akimfungia binti anayekwenda kuanza kazi mjini yanasema jingine. Mfumaji wala mchapaji hakuwajua hao watu. Hata hivyo huwezi kuyageuza maneno yale yawe pongezi ya harusi. Ufupi wake ndio unaompa mvaaji nafasi, na maneno yenyewe ndiyo yanayoweka mpaka.

Kuna gemu nyingine maarufu kuliko zote ambayo nayo ilizua ugomvi wa tafsiri, na inasaidia kuona mpaka huo uko wapi. Tetris iliandikwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow katikati ya miaka ya 1980, kwenye kompyuta ya Elektronika 60 isiyoweza kuchora picha, kiasi kwamba vipande vyake vilitengenezwa kwa alama za mabano. Mwaka 1997 msomi wa Marekani, Janet Murray, aliandika kwamba Tetris inaigiza maisha ya Wamarekani wa miaka ya 1990, watu waliolemewa na kazi zinazoanguka juu yao bila kukoma, wakihangaika kuzipanga ili zinazofuata zipate nafasi. Mwaka 2001 Markku Eskelinen wa Finland akamjia juu vikali, akisema anaibandika gemu maana ambayo haimo. Nikiwa mwanafunzi nilimcheka Murray pia: gemu ya Mrusi wa enzi za Kisovieti itahusu vipi ofisi za Wamarekani? Leo siwezi kumcheka. Hakusema Pajitnov alikusudia. Alisema kuvipanga vipande vile ni kama kuhangaika na kazi zinazorundikana mezani, na vipande vinavyozidi kuanguka kwa kasi ni kanuni halisi ya gemu, hakuibuni. Alipokosea, kwa maoni yangu, ni kuwasemea Wamarekani wote. Angesema "mimi", ugomvi ungekuwa mfupi.

Tetris na Passage zilikutana mwaka 2012, pale jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilipochukua gemu 14 za kwanza kuziweka kwenye mkusanyiko wake. Mhakiki wa gazeti la Guardian, Jonathan Jones, alipinga: gemu hutokea kati ya mashine na mchezaji, kwa hiyo hakuna mtu mmoja anayeimiliki, na pasipo mwenye kazi hakuna msanii. Nimelifikiria pingamizi hilo kwa heshima. Ila naona amekitaja kitu chenyewe kinachonivuta kwenye gemu hizi akakiita kasoro. Mwendo uliopungua ni wa Rohrer. "Amefiwa" ni la Shangazi. Bila mmoja wao, mle chumbani kungekuwa na laptopu iliyokwama tu.

Nimechelewesha swali la jiwe kwa sababu nilitaka kwanza niwe nimeyasema hayo.

Mzee alipoaga, Shangazi alinirudia. Alikuwa bado anafikiri. "Watu wao wako wapi?" aliniuliza. Sikumwelewa. "Hao wawili. Wametembea kote huko, mtu wa kuwakaribisha hakuna. Amefariki mwanamke, hakuna aliyekuja kukaa na huyu mzee. Hakuna wa kuchimba, hakuna wa kuosha, hakuna wa kupika. Halafu jiwe limeshawekwa. Wamekosa nini hawa hadi wakae kama waliofukuzwa mji?"

Nilifungua gemu siku ya pili, peke yangu, nikaitembea yote nilivyoweza, mashariki, kusini, mashariki tena. Ana haki. Ardhi haina mwisho, na ndani yake kuna watu wawili tu. Hakuna nyumba. Hakuna mtoto. Nimesoma watu wakieleza kwamba gemu hii inahusu ndoa, tamaa, kuchagua, kuzeeka, kufa, na wote tuliupita upweke huo bila kuuona kama ni jambo, kwa sababu kwenye gemu tumezoea shujaa awe peke yake. Tuliufanya kuwa udongo, kama yeye alivyoyafanya masanduku. Kwa mwanamke ambaye kwa miezi minne na zaidi hakukosa mtu wa kulala naye nyumba moja, ambaye sufuria za majirani zilikuwa bado zimerundikwa jikoni zikisubiri kurudishwa, hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuonekana na cha kusikitisha kuliko kifo chenyewe. Simdai Rohrer aweke majirani. Alitengeneza kazi ndogo juu yake na mkewe, na ilikuwa haki yake. Ila sasa nikiicheza siwezi kuacha kuona alichokiona Shangazi, na naamini kimo kwenye gemu, kimeandikwa kwenye kanuni zake kwa uwazi kama mwendo ule wa pole.

Lakini jioni ile ya kwanza, kabla ya kulala, Shangazi aliomba acheze yeye. Nilisita. Nikamuuliza kama ana hakika. "Mwanangu, mimi nimeshazika," alisema. "Hicho ni cha kuchorwa."

Alimgusa mwanamke, akashika mshale mmoja tu, wa kulia, kwa kidole cha shahada. Hakukimbilia. Kila baada ya hatua kadhaa aliachia kitufe, akawaacha wasimame, kisha akaendelea nao. Aliwazungumzisha kwa sauti ya chini kama mtu anayesindikiza wageni kizani: haya, twendeni, polepole. Mgongo wa mwanamume ulipoanza kupinda, alisema tu, "Eeh."

Mwanamke akafa. Shangazi akaondoa kidole kwenye kitufe.

Mdogo wangu alifungua mdomo amwelekeze kwamba bado anaweza kutembea. Nikamshika bega. Tulikaa hivyo muda wote uliobaki, yule mzee wa nukta chache kasimama kando ya jiwe, alama hazipandi, muziki unaendelea. Kisha naye akawa jiwe, karibu kabisa na lile la kwanza, yameachana kwa upana wa pikseli chache.

Jina la gemu lilirudi kwenye kioo. Mdogo wangu akauliza kama aendelee na mara nyingine.

"Zima," Shangazi alisema, akajifunga kanga vizuri na kuinuka. "Wapumzike."